"Na" hii ni kiunganishi, na ile je?

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili. Jana kaja na zoezi la aina za maneno, kapata mbili kati ya tano. Kila neno lililoonekana linaunganisha aliliandika kiunganishi, na kakoseshwa matatu. Kaka yangu aliyesomea Mombasa anasema 'na' nyingine huko kwao ni kihusishi. Mume wangu anasema 'cha' lazima iwe kiunganishi, maana kitabu chenyewe kinaiita a-unganifu. Nyumba imegawanyika, chakula kinapoa. Kiunganishi hasa ni nini?"

Marahaba, mama. Picha ya daftari nimeiona, na mwandiko wa binti nimeupenda. Kwa faida ya wasomaji wengine, sentensi zenyewe ni hizi: Juma na Asha wamefika. Mzee aliumwa na nyuki. Kiti cha mwalimu kimevunjika. Alikuja, lakini hakukaa. Hata mimi sikumwona. Maneno yaliyopigiwa mstari ni na, na, cha, lakini, hata. Binti kaandika U kote, yaani kiunganishi, akapata tiki kwenye ya kwanza na ya nne.

Kosa lake ni la heshima, nitaeleza kwa nini.

Neno "kiunganishi" limetoka kwenye kuunga, na kuunga kwetu ni kitenzi chenye watoto wengi. Fundi anaunga mbao. Mama anaunga mchicha kwa nazi au karanga. Viungo vya pilau vinatoka humo humo, viungo vya mwili pia, na yule mchezaji wa katikati tunayempigia kelele kila Jumamosi kwamba hapeleki mpira mbele naye tunamwita kiungo. Kwa maana hii ya kila siku, chochote kinachofanya viwili vikutane ni kiunganishi, na mumeo ana haki ya kushangaa. Ila sarufi ililichukua neno hili la nyumbani ikalifinya. Darasani kiunganishi ni neno linalounganisha vitu vya hadhi moja: nomino kwa nomino, kivumishi kwa kivumishi, kishazi (kipande cha sentensi chenye kitenzi chake) kwa kishazi. Tena ni neno linalokibeba kishazi tegemezi na kukifunga kwenye kishazi kikuu, kama zinavyofanya "kwa sababu", "ili", "ingawa" na "kwamba". Kinachobaki nje ya hapo, hata kama kinaunganisha kwa macho ya mpita njia, kina jina lingine.

Na hapa ndipo penye tabu yote. Orodha ya viunganishi watoto wanaikariri kama majina ya mikoa: na, au, lakini, bali, ila, wala, kama, hata. Mkoa ukishauita Dodoma ni Dodoma kila ukiamka. Maneno hayako hivyo. Katika Kiswahili neno unaliuliza "unafanya kazi gani hapa?" kabla ya kuliuliza jina, na hakuna neno linalobadili kazi kuliko hili la herufi mbili tu.

Tuanze na sentensi ya kwanza na ya pili, maana ndizo zilizomchanganya binti zaidi. "Juma na Asha wamefika." "Mzee aliumwa na nyuki." Mwambie azipindue. Asha na Juma wamefika: habari ni ile ile. Sasa apindue ya pili: nyuki aliumwa na mzee. Hapo mzee ndiye kamng'ata nyuki, na nadhani nyumba nzima itacheka. Katika sentensi ya kwanza "na" imesimama katikati ya watu wawili walio sawa, hakuna mkubwa wala mdogo. Katika ya pili haikuunganisha mzee na nyuki hata kidogo. Imemtaja mtenda wa tendo, kwa sababu kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Hiyo ndiyo "na" ya mtenda, na darasani huingizwa kwenye vihusishi, yaani maneno yanayoonyesha uhusiano wa neno linalofuata na mengine katika sentensi. Mjomba wa Mombasa kasema kweli, ila si Mombasa peke yake: hata vitabu vya huku Tanzania vina vihusishi. Ukitaka kuiona kazi yake vizuri iweke karibu na "kwa": aliumwa na nyuki, alipigwa kwa fimbo. Aliyetenda anatajwa kwa "na", chombo kinatajwa kwa "kwa". Hapo hakuna muungano wowote, ni kutaja nani katenda na kwa chombo gani.

Kipimo cha pili ninakipenda zaidi, kwa kuwa hakihitaji akili nyingi, kinahitaji jicho tu. Tazama kiambishi cha mwanzo cha kitenzi. "Juma na Asha wamefika": kuna wa-, ni watu wawili, "na" imewafunga wakawa kiima kimoja, yaani wanaozungumziwa na kitenzi kwa pamoja. "Juma amefika na Asha": kuna a-, aliyefika kisarufi ni Juma, na Asha kaja naye tu. Habari mtaani ni moja, wote wawili wameshakaa sebuleni, lakini "na" ya kwanza ni kiunganishi na ya pili ni kihusishi chenye maana ya "pamoja na". Hivyo hivyo "Juma na Asha wanapendana" na "Juma anapendana na Asha". Katika harusi hakuna atakayeona tofauti. Katika mtihani tofauti ni alama mbili.

Kuna "na" nyingine ambazo hazikuwa kwenye zoezi, lakini zitakuja, nakuonya mapema. Katika "Asha ana kitabu" na imejificha ndani ya kitenzi. Unaiona ikichomoza tu ukibadili wakati: Asha alikuwa na kitabu, Asha atakuwa na kitabu. Hiyo ni ya umiliki, sehemu ya "kuwa na". Halafu ile ya "anasoma" si neno kabisa, ni kiambishi cha njeo, yaani cha wakati, na mtoto akiikata kwa kisu cha viunganishi anaharibu kitenzi. "Asha naye amefika" ni ya nyongeza, kwamba na yeye vilevile. "Na waje tuone!" hapo "na" inasukuma tu, inatia ari au changamoto, mwenye kusema hivyo mara nyingi ameshakunja mikono ya shati. "Na" ni ya Kibantu asilia. Utaikuta kwenye Kilingala wakisema tata na mama, na Wazulu nao wanayo ikishikana na neno linalofuata, umama nobaba. Inawezekana ndiyo maana imechoka namna hii: imefanya kazi kwa muda mrefu kuliko wenzake wote kwenye orodha.

Maana wenzake wengi ni wageni waliokuja kwa bahari. Lakini, au, wala, bali, kama, hata, ila: yote yametoka Uarabuni. Yale ya kienyeji mengi yake, ukiyakwangua rangi, ni vitenzi vilivyostaafu. "Kwamba" ni ku- na kitenzi cha zamani -amba, kusema, ambacho leo kinaishi ndani ya "ambia". "Kisha" ni kwisha. "Ikiwa", "iwapo", "ingawa", "isipokuwa" yote yamejengwa juu ya kuwa, na viambishi vyake bado unaweza kuvihesabu: i-ki-wa, i-wa-po, i-nga-wa, i-si-po-kuwa. Binti akivichambua hivi hatavisahau tena.

Sasa "cha". Hapa nitawagusa mwalimu na mumeo kwa pamoja, wanisamehe. Mumeo kashikwa na jina. A-unganifu ni ile -a inayovaa kiambishi cha ngeli: kiti cha, meza ya, mti wa, gari la, viti vya. Iliitwa hivyo kwa sababu inashikanisha nomino mbili, lakini vitu hivyo haviko sawa. Katika "kiti cha mwalimu", kiti ndicho bosi na mwalimu amekuja kukieleza tu. Pindua uone: "mwalimu wa kiti". Sijui huyo ni mwalimu wa namna gani. Tena "cha" inamtii mwenyewe: kiti kikiwa viti nayo inakuwa "vya". Kiunganishi cha kweli hakimtii mtu. "Lakini" ni lakini mbele ya viti hata mbele ya wafalme. Kwa hiyo mumeo, kwa heshima zote, amekosa.

Lakini na swali lilitungwa vibaya. Vitabu vingi vya shule husema "cha mwalimu" kwa umoja wake ni kivumishi cha a-unganifu, kwa sababu fungu zima ndilo linaloivumisha nomino "kiti". Ukiipigia mstari "cha" peke yake unamlazimisha mtoto ataje aina ya nusu ya kitu. Mmoja atasema kivumishi, mwingine atasema kihusishi, na wote watakuletea kitabu cha kujitetea. Ningekuwa mimi ndiye ninayesahihisha, ningepiga mstari chini ya maneno yote mawili, au swali ningeliacha kabisa. Mwalimu wa binti akiulizwa kwa upole, nadhani ataliona.

Na kwa kuwa nimetaja vihusishi: tahadhari na vihisishi. Herufi moja tu inavitenganisha na kila mwaka nakuta mtoto kaandika "lo!" ni kihusishi. Kihisishi kina hisia, basi.

Sentensi ya tano, "Hata mimi sikumwona". Hapa naona binti ameonewa nusu. "Hata" imo kwenye orodha za viunganishi, yeye kaikuta humo, kaiandika. Lakini tazama inaunganisha nini na nini hapa. Hakuna. Imekuja kusisitiza kwamba mimi, ambaye ungetegemea nimwone, nami sikumwona. Ukiichomoa, sentensi inabaki nzima, imepoa kidogo tu. Linganisha na usimulizi wa kizamani: "Wakasafiri siku nyingi, hata wakafika pwani." Hiyo inaunganisha kweli, ina maana ya mpaka. Halafu muulize mtoto ameshiba, akujibu "Hata!" akinyoosha sahani. Neno moja, kazi tatu, na ya tatu inakaribia kuwa kihisishi.

"Wala" nayo ni hivyo hivyo. "Sikumwona wala sikumsikia" ni kiunganishi kinachotaka ukanushi ukitangulie. Asili yake Kiarabu ni "na si". Lakini ukimwambia mtu "pole na kazi" akakujibu "wala sijachoka", hakuna cha kwanza kilichounganishwa na cha pili. "Kwani" ni mjanja zaidi. Katikati ya sentensi inaleta sababu: sikuja kwani niliumwa. Ikitangulia, inageuka swali, tena swali lenye ukali kidogo: kwani wewe umeitwa? Sijawahi kuona mtoto akikosea kuitumia barazani, na sijawahi kuona darasa zima likiipatia kwenye karatasi.

Ila hadithi ninayoipenda ni ya "walakini". Lilikuja likiwa kiunganishi, "na lakini". Watu wakalitumia wakimsifia mtu halafu wanasita: kijana mzuri, mchapakazi, walakini... Kusita kule kukawa kitu chenyewe. Leo tunasema "kijana huyu ana walakini", na kila mtu anajua wachumba watamkimbia. Neno limekuwa nomino, limekaa mahali pa "dosari". Usilichanganye na "ila", maana hapo kuna maneno mawili yaliyokutana kwa sauti: "ila" ya isipokuwa ni moja, na "ila" ya kasoro, ile ya kizuri hakikosi ila, ni nyingine yenye asili yake. "Walakini" ni neno moja lililohama kazi. "Ila" ni mawili yaliyopanga chumba kimoja.

Kuna jambo ambalo zoezi halikuligusa lakini swali lako, "kiunganishi hasa ni nini", linalivuta. Kiswahili hakikutegemea viunganishi sana. Sikiliza bibi akisimulia: "Aliingia, akavua viatu, akakaa, akaomba maji." Matendo manne yamefungana, na hakuna kiunganishi hata kimoja, kazi imefanywa na -ka-. Siku hizi nasoma insha za wanafunzi, hata taarifa za habari: "Aliingia na alivua viatu na alikaa na aliomba maji." Si kosa la kukatwa alama, ila ni kama kutembea na kokoto kwenye kiatu. Ukilazimika kutumia "na" kati ya vitenzi, kile cha pili kiache kiwe na ku-: walikula na kunywa, aliamka na kuondoka.

Hali kadhalika "Ukija nitakupikia". Hapa pana vishazi viwili, kimoja kinamtegemea mwenzake, lakini hutaona kiunganishi. Kimemezwa na -ki-. "Alipofika tulikuwa tumelala" kimo ndani ya -po-. Kwa hiyo binti akiulizwa "tambua kiunganishi" kwenye sentensi ya namna hiyo, jibu sahihi ni kwamba hakuna, na asiogope kuliandika. Mtu mwingine kwa woga huongeza, "kama ukija", akafunga mlango kwa komeo na kufuli. Kwenye mazungumzo inapita. Kwenye maandishi, chagua "ukija" au "kama utakuja", na mimi kila siku nachagua ya kwanza.

Komeo na kufuli liko pia kwenye "ingawa alikuwa anaumwa, lakini alikuja". Moja linatosha: ingawa alikuwa anaumwa, alikuja, au, alikuwa anaumwa lakini alikuja. Najua hata wasomi wanayarundika pamoja, nami ulimi umeniteleza zaidi ya mara moja nikiwa kwenye msiba nikitoa shukrani za familia.

"Bali" inataka ukanushi umtangulie: si mwizi, bali ni mwenye njaa. Ukisema "alikuja bali hakukaa" umemvisha "lakini" kanzu isiyo yake.

Na "aidha". Hili nitalisema kwa hasira kidogo. "Aidha" ni neno la Kiarabu lenye maana ya vilevile, pia, tena, ndiyo maana barua za ofisini hulianzishia aya: "Aidha, unakumbushwa kuwasilisha..." Sasa vijana, kwa kuwa sauti yake imegongana na neno la Kiingereza "either" lenye maana nyingine kabisa, wanasema "aidha uje leo au kesho". Kiswahili kilikuwa na njia yake ya kusema hivyo kabla hatujazaliwa: ama uje leo, ama kesho. Au: uje leo au kesho, basi. Najua vita hii huenda nitashindwa, maana nimelisikia hata kwenye mimbari. Lakini binti akiliandika kwenye mtihani likakatwa, asije kwangu kulia.

Umeniuliza kwenye ujumbe wa pili kuhusu upatanisho, kwamba ukiunganisha vitu vya ngeli tofauti kitenzi kifuate kipi. Watu hawana shida: Juma na mbwa wake wamefika. Vitu vya ngeli moja havina shida: kisu na kijiko vimepotea. Vikitofautiana, meza na kiti, wengi wetu huangukia vi-: meza na kiti vimevunjika, vyote viwili vikihesabiwa kuwa vitu. Wengine hufuata kile kilicho karibu na kitenzi. Nisikiavyo mimi vi- ndiyo inayokaa vizuri, hasa vitu vikiwa vingi. "Au" haihitaji hesabu yote hiyo, kwa sababu anayekuja ni mmoja tu: Juma au Asha atakuja.

Turudi kwenye alama zake. Ya pili kakosa kwa haki. Ya tatu kakosa, lakini swali nalo limekosa. Ya tano ningempa nusu na kumwita pembeni nimweleze. Ukipiga hesabu anapata mbili na nusu, na nusu hiyo usiende kuigombania shuleni. Mwambie tu mwalimu kuhusu mstari wa "cha mwalimu", kwa maneno mazuri, baada ya kuuliza hali ya nyumbani kwake.

Jioni mkishakula, mpe binti sentensi hii bila kumsaidia: "Hatutaki wala rushwa wala wezi." Muulize "wala" ya kwanza ni nini na ya pili ni nini. Akigundua kwamba moja ya hizo inaweza kuwa ni watu wenye tumbo, na nyingine ni neno la kuunganisha, na kwamba sentensi nzima ina usomaji wa pili ambao "wala" zote mbili zinaunganisha, mnunulie soda. Baba yake asijibu kabla yake.